Mbaazi za Mwaka wa Njaa

Pikapu ilikuwa imeshaipita nyumba ya mwisho ya Makwasinyi, na Koki hakugeuka nyuma. Shingo aliinyoosha kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho, leso kajifunga kifuani, mikono kaipakata. Huko nyuma ya gari sufuria zake ziligongana kila gurudumu lilipoingia shimoni, na benchi mbili za hoteli yake zililala miguu juu kama ng'ombe waliokufa kwa kiangazi.

"Funga hicho kioo," alisema kaka yake Kimanzi, meno yakimgongana.

"Kioo hakipandi. Gari ni lako, si langu."

"Kwani huu mlima wenu una friji huko juu? Baridi gani hii?"

"Ni kipupwe. Na si mlima wangu tena."

"Hapo sasa umesema neno la mtu mzima, mwiitu wa mwaitu." Ndivyo Mkamba anavyomwita dada yake wa tumbo moja siku anayompendeza.

Kimanzi aliuza nafaka sokoni Voi, mji ambao jua haliulizi mwezi, akaja kumchukua dada yake amevaa shati la mikono mifupi. Ukungu ulikuwa umeteremka kutoka kilele cha Kasigau ukakalia mapaa, na manyunyu yake yalikuwa membamba kama unga wa ungo. Kwa mgeni hiyo ni adhabu. Kwa mtu aliyeishi pale, Julai ina utamu wake, na Koki alikuwa ameujua utamu huo mpaka ukamwingia mifupani.

Alikuja Makwasinyi kuwapikia mafundi waliokuwa wakijenga madarasa. Mafundi wakamaliza wakaenda zao, yeye akabaki na kibanda chake cha chai. Kisha ukaja mwaka huu. Masika ilinyesha kama mtu anayetema mate, ikaacha. Mahindi yalikauka yakiwa urefu wa goti, na machache yaliyojikaza yakavunwa na ndovu. Hoteli nyingi zilifunga. Ya Koki haikufunga. Muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe, ulipokwisha alipika uji, na unga ulipopungua alipika chai tupu, lakini chai yenyewe ilikuwa chai: tangawizi imepondwa, majani hayakurudiwa, maji hayakuongezwa ili sufuria ionekane imejaa. "Njaa ni njaa," alikuwa akisema, "lakini isimkute mtu na baridi pia." Asubuhi utawaona watu wamejipanga kwenye ukuta wake upande unaopigwa na jua, vikombe mikononi, hawana kitu ghalani, na wanacheka. Hilo Koki alijivunia kuliko vitu vyote alivyowahi kufanya duniani.

Na mmoja wa wale wa ukutani alikuwa Alexander.

Huyu alikuwa mkulima wa pale pale, mrefu, mpole wa maneno, mikono yake haijui kukaa bure. Ndiye aliyezichonga zile benchi. Kila asubuhi ya baridi alifika mapema na mzigo wa kuni, na wakati Koki amesimama juu ya sakafu ya udongo anakanda unga wa maandazi, Alexander alilichokoa jiwe la moto kwenye majivu kwa kijiti, akalifunga kwa gunia, akalisukuma taratibu mpaka miguuni pake. Anarudi anakaa. Koki huweka nyayo juu ya lile jiwe, joto likampanda mpaka magotini, akainua macho na kukuta macho ya Alexander yakimngoja. Basi hapo unga ukandwe usikandwe.

Lakini jiwe la moto si posa. Koki aliuliza mara moja, kwa njia ya mbali, na Alexander akamjibu, "Tungoje mvua." Wakangoja. Mvua ikakosekana, akauliza tena, akajibiwa vile vile. Halafu siku moja kwenye bomba la maji, mama yake Alexander, ambaye watu walimwita Mama Peris, alisema mbele ya wanawake wote na ndoo zao, "Mwanangu haoi mwaka wa njaa." Koki alikuwa nyuma yake na mtungi. Alijaza maji, akajitwika, akaondoka bila tone kumwagika. Jioni ile ile alimpigia kaka yake simu.

"Ungesema mapema," Kimanzi alikuwa akisema sasa, akiupapasa usukani kama anayetafuta joto ndani yake. "Misimu yote hiyo mtu anakunywa chai yako, mbuzi hata wa dawa hajaleta. Hao watu wa mlimani wanatudharau, ni vile hujui. Ona Crispus. Ana mashine yake ya kusaga, mjane mtulivu, hana maneno. Jumamosi analeta mbuzi wa ntheo. Mama amekubali, mimi nimekubali."

"Nilisikia."

"Na wewe?"

"Si niko ndani ya gari?"

Kimanzi akabadili gia. Kwa Wakamba, mbuzi wa ntheo ndio ndoa. Ni watatu tu. Ng'ombe na mablanketi na mengine yote hufuata pole pole, mtu akijaliwa, hata akizeeka. Lakini wale mbuzi wakishaingia uani kwa wazazi na mmoja akachinjwa akaliwa, msichana ana mwenyewe, na anayekuja baadaye arudi na kamba yake. Na kuna jambo moja ambalo binti Mkamba aliyelelewa hafanyi hata akifa: hajiombei mbuzi. Mbuzi hutajwa na wazee, au na mwanamume mwenyewe. Binti akiwataja amejianika sokoni. Ndiyo maana Koki, mwenye ulimi wa kuwajibu madereva wa malori, alikuwa bubu kwa Alexander katika neno hilo moja.

Barabara ilizunguka mguu wa mlima. Mara Kimanzi akakanyaga breki hata sufuria zikapiga kelele pamoja.

"Aiya! Mbaazi!"

Kutoka Maungu mpaka hapa hakuwa ameona kitu kibichi shambani; wakati wa kuja ukungu ulikuwa umeifunika barabara yote. Na hapa, kando ya barabara, mbaazi zilisimama safu kwa safu, zimebeba maganda mabichi, majani yanadondoka umande wa ukungu. Jicho la mchuuzi haliwezi kupita hapo.

"Endesha," Koki alisema. Sauti ilimtoka ndogo.

"Dakika moja tu."

"Kimanzi, nakuomba. Endesha."

Lakini Kimanzi alikuwa ameshashuka, mabega yamepanda masikioni kwa baridi, anakimbilia moshi uliokuwa ukitoka kwenye kibanda cha shambani. Hakuwahi kumwona Alexander wala mama yake. Alijua tu "yule wa mlimani". Koki alijifunika shuka iliyotandikwa kitini mpaka machoni akateleza chini kwenye kiti.

Penye moshi alikuwa ameketi mama mmoja mnene, kajifunga kitambaa kichwani, anageuza sufuria kwa mwiko.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umevaa kama mtu anayekwenda kuogelea?"

"Natoka Voi, mama."

"Voi kwani mikono ya mashati hukatwa sokoni?" Akamsogezea kigoda karibu na moto. "Kaa. Mtu hapiti hapa akitetemeka watu wakasema nilimwona nikamwacha."

Kimanzi aliketi, akanyoosha viganja, lakini biashara haikumtoka. "Mama, hizi mbaazi. Nizinunue zote, leo hii, zikiwa kwenye mti."

"Haziuzwi."

"Kila kitu huuzwa."

"Basi anza na mama yako tuone."

Kimanzi alicheka mpaka baridi ikampungua. "Lakini mwaka kama huu, mama, unamkataa mnunuzi?"

"Mwaka wa njaa ndio mtu hauzi chakula. Ukiuza leo, kesho utakula noti? Mwanangu alizipanda vuli iliyopita badala ya mahindi, watu wakamcheka, ati mbaazi zinachukua mwaka. Sasa zimefika, waliocheka wanakuja na bakuli na ninawajazia. Shika hii."

Akampakulia kimanga, maharagwe yaliyopondwa pamoja na muhogo mpaka vikashikana, moshi ukifuka juu yake, na kando konzi ya mbaazi mbichi zilizochemshwa kwa chumvi. Kimanzi akatia la kwanza mdomoni, akafumba macho.

Hapo ndipo Alexander alipotokea kati ya safu na kikapu. Alimwitikia mgeni kwa kichwa, akaitazama pikapu, akaona benchi. Mtu huijua kazi ya mkono wake hata ikilala miguu juu. Kikapu alikiweka chini, polepole sana, akatembea mpaka dirisha ambalo kioo chake hakipandi.

"Koki."

Shuka haikusogea.

"Koki, naziona benchi zako. Hata ukijifunika vipi."

Koki akaishusha shuka. Walitazamana. Uso wa Alexander ulikuwa na matone ya ukungu kwenye nyusi na ndevu fupi, na Koki, ambaye alikuwa ameapa kumchukia mpaka Voi, alijikuta akitamani kuyapangusa kwa ncha ya leso. Akaishika leso kwa mikono miwili isije ikamwaibisha.

"Unaenda bila kuniaga?"

"Nilikuaga mara mbili. Wewe ulikuwa ukitazama mawingu."

"Nilikuambia tungoje mvua."

"Mimi si mahindi, Alexander, nioteshwe na mvua."

Akafungua mlango akashuka, maana maneno yaliyokuwa yakija hayakuwa ya kusemwa mtu amekaa. Akasimama mbele yake, kichwa kikimfika begani.

"Niambie ukweli na mimi niende zangu. Mlikuwa mnanionaje pale kwenu? Mwanamke wa chai? Mkamba wa Voi, ataondoka tu siku moja?"

"Nani amesema hivyo?"

"Mama yako alisema huoi mwaka wa njaa. Bombani. Na kila mtu akinitazama."

Alexander alijifuta uso kwa kiganja. "Koki, sikiliza. Babu yangu alikwenda ukweni na ng'ombe. Baba alikwenda na ng'ombe, na huo mwaka watu walikuwa wanakula mizizi. Nyumba yetu haijawahi kupiga hodi kwa watu na kitu kinacholia mee. Na mimi mwaka huu nina nini? Ng'ombe wangu wawili nimewazika mwenyewe. Nije kwenu mikono mitupu, kaka yako aniulize umekuja na nini, nimwambie nimekuja na mapenzi? Ningefika mlangoni ningegeuka."

"Ng'ombe?" Koki alisema.

"Ndiyo, ng'ombe."

"Nani aliyekuambia ng'ombe?"

"Sasa ukweni mtu huenda na nini kingine?"

Neno lilikuwa pale pale kwenye ulimi wa Koki, jepesi, herufi chache tu, na hakuweza kulitoa. Alihisi kicheko kinapanda na machozi yanapanda, vikigombania mlango mmoja. Misimu yote hii. Mwanamume anangoja ng'ombe, mwanamke anangoja mbuzi, na katikati yao limekaa jiwe la moto.

"Sitakuambia," alisema hatimaye. "Si kwamba sitaki. Siwezi. Lakini unamwona yule anayekula kimanga chenu kama ametoka jela?"

"Mnunuzi?"

"Ni kaka yangu. Nenda ukamuulize. Sasa hivi, kabla hajashiba, akishiba atalala. Na Alexander, Jumamosi kuna mtu anakuja kwetu. Ukitoka kwa kaka yangu bila jibu, mimi naingia kwenye hili gari na hutaniona tena, na sitalia mbele yako."

Alexander akageuka, akaivuka ile nafasi ndogo kati ya gari na moto. Koki alimfuata nyuma, na hatua zake zilikuwa za mtu anayekwenda kusikiliza matokeo ya mtihani.

"Shemeji," Alexander alisema.

Kimanzi akainua kichwa, shavu limejaa. "Shemeji ya nani?"

"Mimi ni Alexander."

"Wewe ndiye yeye?" Kimanzi alitaka kuiweka sahani chini kwa hasira, lakini mkono ulikataa. Akabaki ameishika. "Wewe ndiye uliyemkalisha dada yangu hapa kama kifurushi kilichosahauliwa stesheni? Na nimekula chakula chako!"

"Cha mama."

"Hata kama! Mngesema tu hamtutaki. Sisi si watu wa kulazimisha."

"Tunawataka. Nakuuliza mbele ya mama yangu: nikimtaka Koki, nilete nini kwenu? Kama ni ng'ombe, sina. Nikipata nitaleta. Lakini nataka kujua, maana nimechoka kutazama mawingu."

Kimanzi aliwaangalia mmoja mmoja, kama anayetafuta nani anamfanyia mzaha. "Hujui?"

"Sijui."

"Mbuzi, bana! Mbuzi watatu! Ntheo! Hata mtoto wa chekechea Ukambani anajua. Watatu tu waingie uani, mmoja achinjwe, mambo yamekwisha. Ng'ombe utaleta ukiwa babu, nani anakukimbiza?"

"Mbuzi?" Alexander alirudia, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyevunja ukuta wa nyumba yake akakuta mlango ulikuwa wazi. "Lakini mbuzi ni wa kuchinjia wageni. Kumpelekea mkwe mbuzi ni kumtukana."

"Kutomletea ndio matusi!"

Mama Peris aligonga sufuria kwa mwiko. Wote wakamgeukia. Alikuwa akimtazama Koki, aliyesimama ukungu ukimwangukia mabegani.

"Ulinisikia bombani," alisema.

"Nilikusikia, mama."

"Nilisema, na sifuti. Lakini hukusikia kilichokuwa moyoni. Nilitaka uingie kwangu ghala limejaa. Nilitaka nipike mpaka majirani wachukie. Sikutaka siku moja uwaambie wanao, nyanya yenu alinipokea na uji wa maji."

Koki akasogea karibu na moto. Hakuinamisha macho. Wanawake wengine wangeyainamisha, na labda ingekuwa adabu zaidi, lakini alikuwa amebeba neno hili tangu bombani na halikuwa neno la kusemwa na kichwa chini.

"Mama, mwaka huu mzima watu wa hapa wamekunywa kitu cha moto mikononi mwangu. Sikumfukuza mtu. Sikutia maji kwenye chai. Wakati wengine walifunga milango, mlango wangu ulikuwa wazi alfajiri. Mimi siogopi sufuria ndogo, nimepikia hiyo hiyo. Kama ni kuingia kwako, nataka niingie sasa, mwaka huu mbaya, watu wanaona. Nikija mwaka wa shibe, nitaonekana nimekuja kula. Nataka nihesabiwe na waliokuwepo."

Moto ulipasua kuni. Kimanzi, ambaye alikuwa anatafuna, aliacha kutafuna. Hakujua dada yake alikuwa mtu mkubwa namna hii. Alijua tu kwamba anapika vizuri.

Mama Peris aliinuka kwa kujisaidia na goti, akachota kimanga, akamwekea Koki mkononi moja kwa moja, bila sahani, kama anavyolishwa mtu wa nyumbani. "Kula," akasema. "Una maneno kama marehemu mama mkwe wangu. Huyo naye nilimwogopa." Kisha akamgeukia mwanawe. "Mbuzi wako ni wangapi?"

"Wawili wamebaki."

"Na wangu ni wa tatu."

"Mama, wako ni wa maziwa."

"Nimekuuliza kazi yake?"

Koki akameza haraka. "La, mama. Huyo ndiye chai yako ya asubuhi."

"Nitakunywa turungi. Kwani mbuzi namtoa uende wapi? Si urudi hapa unipikie hiyo chai inayosifiwa kijiji kizima, mimi nimekataa kuionja kwa kiburi?"

Wakaletwa mbuzi. Kimanzi aliwazunguka, akampapasa mmoja mbavu.

"Huyu ni mbuzi au mwavuli?"

"Ni wa mwaka huu," Alexander alisema, kidevu juu. "Ndio walionusurika. Wanono walikufa. Kama unataka wa kupendeza, mngoje mtu wa Jumamosi."

Kimanzi akajikuna shingo. Hapa ndipo penye mwiba. "Crispus nimempa neno langu. Mtu mzima, rafiki yangu. Nitamwambia nini?"

"Ulimpa lako," Koki alisema. "Langu bado ninalo."

"Uliingia kwenye gari!"

"Nimeshuka."

Wakatazamana, watoto wa mama mmoja, wote wawili wakaidi, na manyunyu yakiwaangukia sawasawa. Alexander alitaka kusema, mama yake akamkanyaga mguu. Hili halikuwa lake.

Kimanzi aliitazama sahani yake tupu. Aliutazama moto. Alimtazama dada yake, kimanga kwenye vidole, macho yanang'aa kwa ukaidi ule ule aliokuwa nao akiwa mdogo akikataa kushuka mtini. "Mimi ni mchuuzi," akasema mwishowe, taratibu. "Na sokoni mzigo ni wa aliyefika kwanza. Uani kwetu, leo, hakuna mbuzi wa mtu." Akapumua. "Lakini wewe mwenyewe ndiye utaongea na Mama. Mimi nitaegesha gari nipotee. Na hizo mbaazi, mama, kikapu kimoja tu, si cha kuuza. Cha mama yetu, Mama Katuku, ajue hawa mbuzi wamekonda kwa njaa, si kwa uchoyo."

"Mbona hukuanza hivyo tangu mwanzo?" Mama Peris alisema, akaanza kumjazia.

Mwanamume hapeleki mbuzi peke yake, kwa hivyo akaitwa Noah, ndugu wa marehemu baba yake Alexander, wa shamba la pili. Alifika amejifunga blanketi mpaka kidevuni, akauliza kuna msiba wa nani, akaambiwa ni harusi, akasema angejua angeoga.

Benchi zikasogezwa, mbuzi wakafungwa katikati ya sufuria. Alexander alikuwa upande mmoja wa kamba na Koki upande wa pili, na fundo lilikuwa gumu kwa sababu ya unyevu. Vidole vyao vikakutana juu yake. Vya Koki vilikuwa baridi. Alexander aliviweka ndani ya viganja vyake akavipulizia pumzi, mara moja, mara ya pili, mbele ya mama na baba mdogo na shemeji, bila haya.

"Misimu yote hiyo," Koki alisema kwa sauti ya chini. "Mbuzi tu."

"Ungeniambia."

"Ningekufa kwanza."

"Najua," akasema Alexander. "Ndiyo maana nakutaka."

"Hebu mwacheni mbuzi apumue!" Kimanzi alipiga kelele kutoka mbele. "Mnamnyonga kwa kamba na mapenzi!"

Wakaondoka kwenda Voi, Noah mbele na blanketi lake, Koki katikati, Alexander nyuma amewashikilia mbuzi.

Mbuzi wa kwanza alichinjwa siku hiyo hiyo nyumbani kwa Mama Katuku. Nyama ilikuwa ngumu na haikuwatosha majirani. Mama Katuku aliuliza maswali mengi, kisha akala.

Crispus alipopigiwa simu alisema ni sawa. Kwa muda hakununua mahindi kwa Kimanzi. Mwaka uliofuata alioa mwalimu wa Mtito Andei, na akarudi kununua kwa Kimanzi kwa sababu bei ilikuwa nzuri.

Kimanzi bado yuko sokoni Voi. Amenunua koti.

Vuli ilinyesha kidogo. Mama Peris alikunywa turungi mpaka mwezi wa kwanza, ndipo Alexander akampatia mbuzi mwingine wa maziwa. Alifariki miaka miwili baadaye, kwa kifua, na akazikwa shambani.

Noah husimulia kwamba ni yeye aliyeipanga ndoa hiyo.

Alexander alipeleka ng'ombe mmoja Voi baada ya mavuno ya mwaka wa tatu. Wengine hajapeleka.

Koki anaendelea na hoteli pale pale Makwasinyi. Wana watoto wawili, na wa kwanza, msichana, anaitwa Peris, jina la nyanya yake.